Kucha Tisa

Jioni ile Bukavu, barazani kwa dada yake, Nguba,
Nsimire alikata kucha zake kama seremala anayepunguza ubao:
moja kwa moja, bila kuzungusha pembe,
akazipiga tupa, akapaka tone la mawese.
Mimi nilikuwa nafunga begi.
Nilifunga sufuria, hema, unga wa muhogo kilo mbili,
kamba ambayo hatukuitumia hata siku moja,
na betri za redio ya mtu mwingine.
"Na miguu yako je, umeifungia nini?"
Nikacheka. Viatu vyangu vilikuwa vipya, vya soko la Kadutu,
vimenikaa sawasawa.
"Sawasawa ni vidogo," akasema.
"Kiatu cha safari hununuliwa jioni, mguu ukiwa umechoka."

Kavumu sikusikia kitu.
Katana, kisigino cha kushoto kikapata joto,
joto dogo tu, la kikombe ambacho chai yake imeshanywewa.
Nsimire akaketi kando ya barabara, akavua soksi,
akabandika plasta mahali ambapo hapakuwa na kidonda.
Watu wa pikipiki wakamcheka, nami nikawasaidia kucheka.
"Joto ni barua," akasema, akifunga kamba za kiatu.
"Usipoisoma, maumivu ndiyo askari wanaokuja mlangoni."

Askari walikuja Kalehe.
Lengelenge! Hata jina lake limevimba,
limejaa maji, linacheza ukiligusa.
Na kwenye miteremko, kila hatua,
kidole gumba cha kulia kiligonga mbele ya kiatu
ngo, ngo, ngo,
kama mgeni aliyekosea nyumba na hataki kuambiwa.
Ukucha ukawa wa zambarau.
Kufika Minova ulikuwa mweusi.

Usiku huo alichoma sindano kwenye moto wa mshumaa.
Alikuwa ameniosha miguu kwa maji na sabuni ya kipande,
kati ya kidole na kidole, taratibu,
akaikausha kwa kitenge chake, akaingojea ikauke kweli.
Sikujua niangalie wapi.
Mara ya mwisho mtu kunishika mguu hivyo
nilikuwa nimechomwa na mwiba, nina miaka sita,
na aliyenitoa mwiba ule amelala katika udongo wa Walungu.
"Unalia?"
"Sindano."
"Sijakuchoma bado."

Sake, mawe meusi yakaanza.
Nilitembea nimeikata pua ya kiatu kwa kisu,
kidole nje, kimefungwa bandeji, kama kitoto kinachochungulia dirishani.
Chukudu zilitupita na viazi, na makaa,
na mmoja wa wasukumaji, bila viatu kabisa,
aliniangalia mguuni, akaniambia pole.
Nilimjibu aksanti kwa sauti ndogo sana.

Birere, siku ya nane, tukasikia chupa zikigongana:
kijana wa verni, Kakule, na kisanduku chake cha mbao,
nyekundu, dhahabu, rangi ya divai.
Alikalia ndoo, akaweka mguu wangu juu ya goti lake,
akauchunguza kwa muda mrefu kuliko daktari yeyote aliyewahi kuniangalia.
"Huu siukati," akasema.
"Huu ni mpangaji. Umeshapewa taarifa, utahama wenyewe.
Ukimtoa mpangaji kwa nguvu, anaondoka na mlango."
Akakata zile tisa. Moja kwa moja, bila pembe.
Nsimire alikuwa anakunywa soda, hakusema neno,
lakini niliona bega lake likitikisika.

Kakule akadai pesa ya kumi.
Tukabishana. Nikalipa kumi.

Ukucha ulihama mwezi wa tatu, ndani ya soksi, bila kuaga.
Niliuweka kwenye kiberiti kitupu, sijui kwa nini.
Chini yake palikuwa na kitu chembamba, kimepinda kidogo,
chenye ukubwa wa gamba la sambaza.
Nikampigia simu Nsimire kumwambia.
Akanyamaza kidogo.
"Basi kaa kitako," akasema, "uvue viatu,
unisomee miguu yote miwili, kidole kwa kidole.
Nina muda."