Vipande Vitatu vya Helmi

Bibi Helmi hakuificha bendera.
Aliifumua.

Majirani walizika zao ndani ya makopo ya maziwa,
wengine wakazipandisha dohani, zikaliwa na masizi.
Yeye alikaa dirishani na mkasi wa kucha,
akakata uzi mmoja mmoja
mpaka buluu ikaachana na nyeusi, nyeusi na nyeupe,
kimyakimya, kama ndugu wanaogawanywa kwa shangazi mbalimbali.

"Bendera wataikamata," alimwambia mama.
"Kitambaa watakishtaki kwa kosa gani?"

Buluu akaitia bitana kwenye mfarishi wa mtoto.
Nyeusi alijifunga kichwani
siku Endel alipopakiwa behewa la ng'ombe,
mwezi Machi, bila buti.
Nyeupe ikawa ya meza. Mkaguzi kutoka mjini alilia mkate juu yake,
akapangusa masharubu kwa pindo,
akausifu mkono uliopiga pasi.
Helmi akamwongezea siagi.

(Baadaye mwalimu alitufundisha:
buluu ni anga na maziwa yetu,
nyeusi ni udongo, na koti la mkulima,
nyeupe ni theluji, na tumaini.
Ilibarikiwa Otepää, mali ya wanafunzi wachache,
nchi yenyewe haijazaliwa.
Nilipata alama zote.
Sikuandika habari ya siagi.)

Februari ile redio ilipokohoa, kisha ikasema,
Helmi aliviita vipande vyake nyumbani.
Tukaupasua mfarishi tumbo.
Buluu ilipauka ubavu aliolalia mama, kisha mimi,
tena ilipungua shibiri:
Mjomba Kaljo aliwahi kuiibia mkia wa tiara.
Nyeusi ilinuka mazishi saba.
Nyeupe ilikuwa na doa la bitiruti
lisilosikia sabuni wala dua.

Cherehani ilikataa. Akashona kwa mkono,
miwani imefungwa kwa uzi huohuo.

"Haifiki," mama alisema.
"Upepo haupimi," alijibu, akauma uzi.

Ikapanda mti wa msonobari mbele ya nyumba,
imeenda upande, fupi juu, doa chini,
na Mzee Arvo wa ng'ambo ya barabara
akavua kofia, akasahau kuirudisha,
masikio yakamwiva kwa baridi.

Nilikuwa na miaka tisa.
Usiku ule nililalia mfarishi usio na bitana,
magoti kidevuni.
Helmi alisahau kuishusha, au hakusahau.
Nilisikia, kule nje gizani,
blanketi langu likipigapiga.