Mchicha wa Mama Nyanzala

Saa nane usiku Isevya imelala,
hata redio ya mlinzi wa ghala imenyamaza.
Natoa fimbo ya chuma kwenye gunia,
naisimika juu ya valvu,
naegesha sikio.

Hii ndiyo kazi yangu, kusikiliza.
Bomba zima halisemi kitu.
Bomba bovu hunong'ona, sss,
kama anayemnyamazisha mtoto msibani.

Waliozika mabomba haya hawakutuachia ramani.
Ofisini ipo karatasi moja:
panya wamekula Cheyo yote
na nusu ya Kanyenye.
Kilichobaki tunakipapasa.
Hapa chuma, hapa asbesto,
pale mpira wa baiskeli umekazwa kwa waya
na fundi wa miaka ile ya kukosa spea,
na bado umeshika.
Nilivua kofia.

Zamani maji ya Igombe yalikuja yakichechemea,
mara mbili kwa juma, rangi ya chai ya maziwa,
na vyuma vizee viliyamudu.
Siku hizi yanatoka ziwani, safari ndefu,
yanafika na presha ya mgeni mwenye haraka,
na kila penye kutu panapasuka.
Tuliomba maji miaka thelathini.
Hatukuomba mabomba.

Nyumba ya mwisho kabla ya reli
kuna mchicha.
Septemba, mwezi ambao mbuzi hutafuna maboksi,
mchicha wa Mama Nyanzala umetanda,
matembele yamepanda ukuta,
bamia zimempita kimo mjukuu.
Majirani walisema ana dawa.
Mchungaji alisema ni zaka.
Mimi nilisimika fimbo.

Sss.

Inchi sita, kiungo kimeachana.
Lita elfu mbili kwa saa; *zinapotea*, ndivyo fomu inavyosema.
Fomu haina mahali pa kuandika mchicha.

Alitoka na khanga begani, tochi ya simu mkononi.
Hakuniuliza natafuta nini.
"Umeyasikia?"
"Nimeyasikia, mama."
"Mimi nayasikia mwaka wa kumi na mmoja.
Tangu Msabila wangu afe, ndiyo yanayonilaza."

Kalamu ilikaa juu ya karatasi bila kugusa.
Ningeandika *hakuna*, nani angejua?
Lakini wiki ile nilikuwa Kiloleni, mwisho wa laini,
nyuma ya zahanati ambako wazazi huja na ndoo zao
pamoja na kanga za mtoto.
Nilisimika fimbo pale pia. Kimya kizuri.
Bomba zima halisemi kitu.
Bomba kavu pia.

Niliandika.

Jumanne akaja Kapama na tingatinga lake,
akapita katikati ya matuta kwa adabu,
adabu ya tingatinga.
Walipokata chuma cha zamani nilichungulia ndani:
kutu juu ya kutu, tabaka kama magome,
palipobaki pa kupita maji
ni tundu la yai la kanga.
Mji mzima ulikuwa ukinywa kupitia tundu lile.

Wakalaza bomba jipya, plastiki nyeusi yenye mstari wa buluu,
wakaliunga kwa moto, wakafukia,
wakashindilia.
Mama Nyanzala alipewa mita.
Aliifunika kwa sufuria, isipigwe jua.

Ni Novemba sasa, mvua inajizungusha tu.
Nesi wa Kiloleni amenitumia picha:
bomba wazi, sinki, mkono wa mtu. Hakuandika neno.
Matuta tisa karibu na reli yamebaki mawili.
Anayanyweshea kopo kabla ya alfajiri,
na baada ya kila kopo huinama,
anafunua sufuria, anasoma namba.

Jana nilipita tena. Saa nane.
Sikuwa na sababu ya kusimika fimbo, nikaisimika.
Hakuna.
Dirishani, gizani, sauti yake:
"Wasikia kitu?"
"Hapana, mama. Kimya."
"Hata mimi," akasema.
"Ndiyo maana silali."