Huenda

Nilimwita Ujarak, maana yake jiwe,
nikidhani jiwe hutulia.
Hatulii.
Kiti chake darasani kina miguu minne,
yeye hutumia miwili, ya nyuma,
na Birthe, mwalimu wake, ameniletea barua ya tatu:
penseli sita zimetafunwa tangu Jumatatu;
kampiga mwenzake kwa rula, akalia yeye
kabla ya aliyepigwa;
jibu lake hufika swali likiwa bado njiani,
au halifiki kabisa, yuko dirishani
anahesabu mbwa waliofungwa minyororo mlimani.

Anaandika kwa upole. Ndiyo maana inauma.

Leo imekuja karatasi nyingine, ya watafiti,
ile ile ya miaka minane iliyopita, imenenepa tu.
Swali la thelathini na moja nalifahamu kama jirani:
Ulipokuwa mjamzito, ulivuta sigara ngapi kwa siku?

Mara ile niliandika: mbili.

Mbili!
Hebu nisemee hapa jikoni, panaposikia birika peke yake.
Kiwanda cha uduvi, zamu ya alfajiri,
mikono ndani ya maji ya barafu
mpaka vidole havijui ni vya nani.
Mashine inamenya, sisi tunachambua,
na hapa Sisimiut hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje
kusimama tu.
Kusimama tu ni uvivu.
Kusimama na sigara ni mapumziko.
Basi nilinunua dakika saba, na saba, na saba,
ukutani, pamoja na Bibiane na Nukaaka,
tumbo langu mbele kama mgeni asiyepewa kiti.
Kwenye baridi ile moshi na pumzi havitofautiani:
kila mtu hutoa wingu kinywani, hata mchungaji, hata mbwa.
Mkunga alisema acha. Nikapunguza.
Nikaacha Jumapili.

Kumi na moja.
Siku za dhoruba, kumi na tano.

Nilimuuliza daktari aliyekuja kwa ndege: ni mimi?
Akatazama viganja vyake.
Huenda, alisema.
Wapo watoto wengi waliopitia moshi tumboni
wakapata taabu kuketi, kungoja zamu, kushika jambo moja.
Nikamwambia kuhusu baba yake,
aliyeng'oa mlango wa shule akiwa na miaka tisa,
na mama yake hakuwahi kuwasha hata kiberiti.
Basi huenda ni damu, akasema,
huenda ni moshi, huenda vilishikana mikono.

Nimetembea na neno hilo kama kokoto ndani ya soksi.
Angesema ndiyo, ningelia nikamaliza.

Husemwa samaki hukunjwa angali mbichi.
Nimeshika vya baharini maisha yangu yote,
hakuna aliyeniambia
kwamba hukunjwa hata kabla hajavuliwa.

Mlango. Ujarak, na buti moja;
la pili analijua Mungu.
Mambo manne kwa pumzi moja:
barafu ya bandarini imepasuka,
Birthe ana meno mapya,
anataka mkate, na je, nilijua
samaki ana kijiwe ndani ya sikio?
Anashika mkono wangu, anauachia, anaushika.
Huenda na kurudi, huenda na kurudi,
jiwe langu lenye miguu.

Naandika: 11.
Kumi na moja nini? anauliza begani kwangu.
Ningeweza kusema uduvi.
Sigara, nikasema. Kila siku. Wewe ukiwa humu.

Akatulia.
Birika lilichemka, likanyamaza, naye bado ametulia,
macho kwenye tarakimu zile mbili zilizosimama wima
kama wanawake ukutani.

Nilikuwa nakohoa? akauliza.

Nikafungua kinywa.
Alikuwa keshaondoka, buti moja, mlango wazi,
na baridi ikaingia, nyeupe, ikakaa kitini pake.