Leseni ya Kusikiliza

Kinyozi wa Ruwi ana leseni ukutani,
fundi wa viyoyozi anayo,
hata mpika haluwa hukaguliwa masufuria.
Yule wa ghorofa ya pili, Al-Khuwair,
kozi ya siku tatu, cheti cha rangi ya dhahabu,
alimfungua Raya moyo kama mkebe wa jodari
akamwacha wazi.
Haikupita wiki, siri yake ikamrudia harusini Seeb
imejifukiza udi, imevaa kicheko.

Ndiyo maana nipo dirisha namba sita,
rasimu mapajani, mara ya nne.
Bwana Mundhir ni mpole. Ananiuliza:
"Huyo mtu aliumia wapi?"
Nikaonyesha hewa.
"Sheria inataka mahali," akasema,
akagonga muhuri: irudishwe.

Kifungu cha tisa kimekatwa kwa wino mwekundu.
Ndicho kilichosema
anayesikiliza anyamaze, hata baada ya mazishi.
Nakiandika upya garini, nje jua linachoma lami,
kwa Kiswahili kwanza,
maana Raya alilia kwa Kiswahili;
kisha kwa Kiarabu, lugha ya muhuri.

Neno "amana" halikutaka tafsiri.