Kauli Moja

Niliandika muhtasari kabla kikao hakijafungwa,
ndivyo tufanyavyo makatibu wa vyama vya msingi, huku Kitangari:
*Shilingi thelathini kila kilo, za ofisi mpya.
Wanachama wamekubali kwa kauli moja.*
Kisha nikainua macho kuhesabu mikono, desturi tu.
Mia mbili na kumi na miwili juu.
Mmoja umelala mapajani,
kucha nyeusi kwa utomvu wa korosho.

Wa Somoe Nahonyo,
aliyefundisha Kifaransa miaka tisa mjini Newala
mpaka wanafunzi wakabaki wawili na somo likafutwa,
akarudi kwenye mikorosho ya mama yake.

Mwenyekiti akatabasamu: Mwalimu, umesinzia?
"Niko macho."
Basi inua tumalize, jua kali.
"Siinui."

Minong'ono ikaanza, kama mabibo yanayochacha pipani.
Huyo kangomba. Ana mnunuzi wake wa usiku.
Ubishi kajifunza kwa Wafaransa,
watu waliomkata mfalme wao kichwa
kisha wakakatana wenyewe, kwa zamu.

Akasimama. Hilo la zamu hakulikanusha.
Alisema: kwao wamelibishania sana jambo hili,
kwamba wengi wakishanena, sauti yao ni yako pia
hata kama umefumba mdomo,
na ukikaidi utasukumwa kwenye uhuru wako
kama mbuzi kwenye josho.
"Hapo kwenye josho ndipo watoto waliponishinda.
Waliniuliza: na mbuzi, naye alipiga kura?"

Wawili wakacheka. Mwenyekiti hakuwa mmoja wao.

"Katibu, futa hiyo kauli moja.
Andika, mmoja alikataa."
Nikafuta. Kalamu ikatoboa karatasi.

Kesho yake nikamkuta ghalani, namba thelathini na nne,
magunia mawili juu ya baiskeli.
Mbona umekuja? Si ulikataa?
"Sikulikataa ghala, wala sikuwakataa nyie.
Nilikataa kuhesabiwa kama niliyelala."
Akachota korosho, akazitikisa kiganjani kusikiliza unyevu,
akasubiri mizani itulie.

Usiku nikaufungua tena muhtasari.
Waliohudhuria: mia mbili na kumi na wanne.
Mia mbili na kumi na wawili, jumlisha mmoja.
Nikarudia mara tatu, nikidhani hesabu imenipiga chenga,
mpaka nikautazama mkono wangu,
ulioshika kalamu.