Farasi wa Kitabu cha Saba

Juu ya karakana ya baiskeli, mjini Szeged,
ngazi kumi na tisa, ya kumi na mbili imelegea,
tunakutana Jumamosi ya pili ya Februari
watu tisa (mwaka jana tulikuwa kumi)
na vitabu ishirini na viwili vya Vendel Karsay,
mpima ardhi, mtoro wa jeshi, mwenye kovu.

Kovu ndilo lililoanzisha ugomvi safari hii.
Ödön alisimama, koti bado mwilini:
"Kitabu cha nne, ukurasa wa thelathini na moja,
ananyoa ndevu mbele ya kioo, na kovu lipo.
Upanga unamkata katika cha kumi na moja!
Basi cha kumi na moja kilitangulia.
Hesabu haina jamaa."

Piroska hakuinua macho kwenye soksi anayofuma.
"Na mke aliyezikwa katika cha pili
aje apike supu katika cha kumi na moja?
Kaburini kuna jiko, Ödön?"
Tukacheka. Akakaa. Akasimama tena:
"Huyo ni mke mwingine.
Supu yake haina pilipili."

Mimi ni katibu. Daftari langu lina miaka kumi na sita:
mwaka wa theluji ukurasa wa kwanza
na aprikoti mbivu ukurasa wa sitini,
siku tatu tu zikiwa zimepita;
mwaka wa daraja lililolipuliwa
kabla halijajengwa.
Mwandishi, alipokuwa hai, aliulizwa, akajibu: nilisahau.
Hatukumkubalia. Mwandishi si shahidi.

Lakini kila mwaka, chai ikiisha, rum ikibaki,
mtu humtaja Kesely.
Farasi Kesely, mweupe miguu, alipigwa risasi kivukoni
katika kitabu cha saba, akazama na tandiko lake,
nasi sote tumemlilia, kila mtu na umri wake,
mimi nilikuwa na tisa, chini ya blanketi, na tochi.
Katika cha kumi analia nje ya kilabu cha pombe,
ana njaa, mzima.

"Rahisi," Gáspár alikuwa akisema,
"cha kumi kwanza, cha saba baadaye.
Afe mara moja, kama sisi."
Na Ödön alimpinga miaka kumi na sita,
mpaka Novemba.

Emese, bintiye, alipanda ngazi na bomba la plastiki,
ndani yake chati ya babake, karatasi ya mita nne.
Tukaikunjua; ikavuka meza, ikavuka kiti,
tukaibana pembe kwa glasi za chai.
Wino wa zamani tuliujua.
Penseli hatukuijua: mkono wa hospitali, unatetemeka,
umekifuta cha saba mahali pake
na kukisukuma mbele, kupita cha kumi, cha kumi na tano,
kupita harusi, kupita kitabu cha mwisho,
hadi palipo na karatasi tupu.

Piroska ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo,
"Katika cha saba Vendel ana miaka ishirini na minne.
Huku atakuwa na sabini."

Ödön alivaa miwani, akainama muda mrefu,
tai yake ikaingia kwenye keki ya jozi.
"Umri wake," akasema,
"umetajwa na adui, ukurasa wa tano.
Adui huongopa."

Nikaandika: hoja imeahirishwa.
Chini barabarani mtu alikuwa akijaribu kengele ya baiskeli,
mara moja, mara mbili, kisha akaridhika.

"Mimi sijasoma hata kimoja," Emese akatuambia,
akijaribu kukunja chati, ikimkatalia.
"Huyo farasi, hatimaye inakuwaje?"

Piroska alinyoosha mkono rafuni
akampa cha kumi.
Ödön akafungua mdomo.
Akaufunga.