Mdaiwa wa Pili

Barua ilikuja kwa rejesta. Karani wa posta akauliza
kama nina kesi. Nikasema ninayo:
mwanangu amenishtaki.

Alikuwa amenipigia kabla. "Mama, usiogope karatasi.
Sheria yetu haina mlango mwingine. Ili mahakama iseme
kwamba mimi ni mimi, lazima niwadai nyinyi
mlionisajili."
Tuje na nini? nikauliza.
"Vitambulisho. Na usimlazimishe baba kuvaa tai."

Basi mimi ni mdaiwa wa pili.
Wa kwanza ni Zenon, miaka thelathini na mmoja
karakana ya mabehewa, Bydgoszcz,
anayeijua kila nati kwa mlio wake ikigongwa.
Alivaa tai. Ile ya mazishi.

Hakuna uadui humu, nilitaka kumwambia askari
aliyepekua mkoba wangu akakuta
chupa ya chai, mkate wa mbegu, soksi za sufu:
Kalina miguu humpata baridi tangu utotoni.

Jina la kwanza silitaji. Lilikuwa la babu yake.
Tulimvika kama koti la urithi,
mabega yatajaza, tukasema.
Hayakujaza. Alilivaa miaka ishirini na sita,
mikono ikining'inia.

Na ile namba! Tarakimu kumi na moja
ambazo hapa kila mtu huzikwa nazo.
Ya kumi ndiyo mmbea:
witiri, mwanamume; shufwa, mwanamke.
Duka la dawa, benki, maktaba:
anatoa kadi, wanamtazama, wanaitazama kadi,
wanamtazama tena. Kwenye treni ya Gdynia
kondakta alimwita mwenzake aje aone.
Hilo hakunisimulia yeye.

Jaji alikuwa na mafua.
"Mdaiwa wa pili, eleza utoto wa mdai."

Sasa sikilizeni. Lugha yetu haina huruma:
kitenzi kikishapita huota mkia,
na mkia hutoa siri. Huwezi kusema mtu
alilala, alianguka, aliomba maji
bila kumvika suruali au sketi.
Nasikia zipo lugha ambamo *alikuja* ni alikuja tu,
mwenye kuja haulizwi kitu mlangoni.
Laiti ningekuwa na moja mkobani,
hata ya kuazima.

Nikaanza: "Mtoto wangu…" Neno mtoto lina subira.
"Mtoto wangu anapenda… anaogopa…"
nikajificha katika wakati uliopo kama panya ghalani.
Jaji akapenga kamasi.
"Wakati uliopita, bibi. Tafadhali."

Miaka mitano. Mto Brda umeganda kingoni.
Tumesimama nje ya duka la vifungo, kofia nyekundu,
pumzi yake imefanya ukungu kwenye kioo.
"Alikuwa," nikasema,
na pale mwishoni mwa neno
ambapo maisha yote nilitia silabi moja
nikatia nyingine,
"alikuwa na miaka mitano, akaniuliza
jina lake watalirekebisha lini."
Vidole vya karani vikasita juu ya mashine.
Kisha vikaendelea.

Zenon alipoulizwa kama anapinga,
alisimama, akaishika tai kama kamba ya kengele.
"Ofisi ya usajili nilikwenda mimi," akasema.
"Waliniuliza, nikajibu upesi.
Nilikuwa na zamu."

Hukumu itakomaa baada ya siku ishirini na moja.
Ni muda wa kuku kuatamia, nikamwambia Kalina
akivaa soksi ngazini, mdomo umejaa mkate.
Akacheka. Halafu hakucheka.

Kwenye tramu ya kurudi
Zenon alikaa mbali nami kidogo, midomo ikimcheza.
Nilidhani anasali.
Nikasogea.
Alikuwa akinyambua vitenzi.